Mbegu Si Wagonjwa

18 Februari
Nje baridi imefika nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri, na humu ndani mna baridi ya aina yake. Mkwe wangu Domnika anakaa kwangu tangu Novemba. Ni mama yake Valeriu, mume wa binti yangu Nelli. Watoto walipokwenda Norilsk kufanya kazi mgodini, waliamua ni upuuzi wajane wawili kulipia joto la nyumba mbili, mmoja hapa Minusinsk na mwingine kule Moldova. Wakamleta kwa treni na sanduku moja, mfuko wa unga wa mahindi, na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani ya fundo mna mbegu za nyanya.

Leo nilimuuliza, kwa upole, kwao huzitibu kwa dawa gani kabla ya kuziatika. Akageuka kuniangalia.

"Kwani zinaumwa?"

Nimefanya kazi chumba cha sindano miaka thelathini na minne. Sijawahi kuulizwa swali kama hilo na mtu mzima.

20 Februari
Nimeanza matibabu ya mbegu zangu, zile za nyanya aina ya Moyo wa Fahali ninazozitunza mwaka hadi mwaka. Kwanza maji ya chumvi: inayoelea ni ganda tupu, inatupwa. Kisha maji ya pamanganeti, zile chembe za zambarau, rangi iwe ya waridi iliyoiva, isizidi. Siku hizi zimeadimika madukani na kichupa changu nakificha ndani ya kiatu cha marehemu mume wangu. Kisha utomvu wa shubiri, kutoka jani lililokaa kwenye friji hadi likawa jeusi. Kisha maji ya majivu ya mti wa mberoshi. Mwisho nazifunga kitambaani na kuzifukia kwenye theluji ya roshani, zizoee maisha.

Domnika alivuta kiti akatazama kuanzia chumvi hadi theluji, mikono kifuani.

"Ukimaliza kuziadhibu niite," alisema, "nikuwekee chai."

21 Februari
Nelli kapiga simu. Hajambo. Valeriu yuko zamu.

22 Februari
Valeriu kampigia mama yake. Nelli yuko zamu.

23 Februari
Siku ya msiba.

Mama mmoja wa ghorofa ya chini aliniambia vodka huondoa mafuta yaliyoganda juu ya mbegu na kuziamsha haraka. Dakika kumi tu. Sikuwahi kuijaribu, lakini nilitaka kumwonyesha Domnika kwamba elimu haina mwisho. Nikazitoa mbegu zangu zote kwenye theluji, nikaziweka katika kigilasi, nikamimina vodka, nikaiacha mezani na kwenda kutafuta saa yangu.

Wakati huohuo akaingia Savely, jirani wa juu, aliyekuwa na ahadi ya kutengeneza bomba letu la jikoni tangu Krismasi. Leo ni sikukuu ya wanaume, kila nyumba inamkaribisha mwanamume kwa kigilasi. Alipokikuta mezani, kimejaa, hana mtu wa kumwuliza, akaona kaandaliwa. Akakinyanyua, akaitakia afya nyumba yetu, akakimaliza.

Nilirudi nikamkuta anapitisha ulimi kwenye meno. Akaniambia vodka nzuri, ila ina mchanga.

Sikumbuki nilichosema. Domnika alitoka chumbani kwake kwa sababu ya sauti yangu. Alipoelewa kilichotokea aliketi sakafuni, kweli aliketi, akacheka hadi kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Savely masikini aliomba radhi, akauliza kama kuna chochote anachoweza kufanya.

"Kipo," Domnika akamjibu, akijifuta machozi. "Nenda nyumbani, kula vizuri, na kesho asubuhi usimwage maji. Mkwe wangu atakuja na chujio. Zitakuwa zimetibiwa kuliko mwaka wowote."

Savely alikimbia na bomba halijatengenezwa. Kwa kuwa mimi ni muuguzi, jambo lile la chujio nililifikiria kwa dakika nzima kabla ya kulikataa.

25 Februari
Sijatoka kitandani. Aibu na hasira.

26 Februari
Jioni Domnika aliniita jikoni. Alikuwa amepika ugali wake wa mahindi, ule anaoumwaga juu ya ubao na kuukata kwa uzi. Nimeudharau ugali huo tangu Novemba. Pembeni ya ubao alikuwa amefungua fundo la kitambaa chake. Mbegu amezigawa mafungu mawili kwa ncha ya kisu, yamelingana kabisa.

Akanisogezea fungu moja. Ni za nyanya ya kwao, ya waridi, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, anasema. Mama yake alizipanda, na mama wa mama yake. Sharti ni moja tu: nisizitie dawa.

Nilikula ugali vipande vitatu ili nisijibu.

3 Machi
Jumapili. Domnika alikwenda kanisani. Mtu anapokaa peke yake ndani ya nyumba na mbegu zisizotibiwa, mawazo humjia. Nikajiambia shubiri si dawa hasa, ni mmea. Nikadondosha matone mawili, matatu.

Aliporudi hakuvua hata koti. Alinusa hewa, akaenda moja kwa moja dirishani, akaokota mbegu moja katika fungu langu, akailamba.

"Chungu," alisema.

Hakugomba. Alizikusanya zote, zake na zangu, akaziosha kwa maji ya uvuguvugu, akazifunga katika kitambaa chenye unyevu na karatasi ya nailoni juu, kisha akafungua vifungo vya blauzi na kuzitia kifuani. Amesema zitakaa hapo hadi zichipue, na kwamba hapo sina ujasiri wa kwenda.

Ni kweli, sina.

5 Machi
Nilimwambia kwamba hata kuziweka kifuani ni tiba ya mbegu, ya kienyeji lakini ni tiba, kwa hiyo yeye mwenyewe amevunja sharti lake. Akasema hii si dawa, hiki ni kifua.

6 Machi
Nelli kapiga. Nilimsimulia habari za kifua, hakucheka. Valeriu yuko zamu.

7 Machi
Domnika ana kikohozi. Anakohoa huku amejishika titi ili mbegu zisitikisike. Nimemwambia kesho kutwa tunaenda kliniki, atake asitake.

9 Machi
Kliniki. Nilisimama nyuma ya pazia kwa kuwa kila mtu pale ananifahamu. Daktari ni kijana mpole. Wakati wa mafunzo yake mimi ndiye niliyemfundisha kushika sindano. Alimwomba Domnika afungue blauzi amsikilize kifua. Mama huyu, kwa joto la homa yake, alikuwa amezisahau. Kitambaa kikamwagika. Mbegu zikamporomoka tumboni, nyingine zikabaki zimemganda ngozini, kila moja imetoa kimkia cheupe.

Daktari aliinama. Akavaa miwani. Nikamwona rangi inamtoka.

"Mama," aliuliza taratibu, "hii imeanza lini?"

"Jumapili," Domnika akamjibu. "Lakini zilikawia, kwa sababu huyu mkwe wangu alizilisha shubiri."

Nilitoka nyuma ya pazia nikapiga magoti sakafuni na kibanio cha hospitali, tukaokota moja moja, mimi, daktari, na mama mmoja aliyekuwa anasubiri foleni. Huyo mama alishauri maji ya asali. Mtu wa nje akachungulia mlangoni akasema kwao wanatumia maji ya kitunguu saumu. Hapo foleni nzima ikaanza kubishana, na daktari akapiga meza.

Kikohozi ni cha mafua ya kawaida. Jioni tumeziatika zote. Nusu ya dirisha ni yangu, nusu yake. Tumechora mstari kwa chaki.

16 Machi
Zimetokeza. Zake jana jioni, zangu leo asubuhi. Amekuwa akiimba tangu jana jioni.

2 Aprili
Miche ina majani mawili halisi. Theluji inadondoka mapaani. Valeriu kampigia mama yake. Nelli yuko zamu. Nashangaa mgodi gani huo ambao mume na mke hawakutani hata siku moja kwenye simu.

19 Aprili
Tumegombana kwa sababu ya mstari wa chaki. Mche wake mmoja umeinamia kwangu kufuata jua. Nimesema uinuliwe. Amesema niuambie mwenyewe.

8 Mei
Nelli kapiga. Safari hii hakusema Valeriu yuko zamu. Alisema wanaachana. Wameishi vyumba tofauti tangu Januari, hakuna aliyempiga mwenzake, hakuna mwingine, wamechokana tu kama watu wanavyochoka. Watakuja Agosti kutueleza vizuri. Akaniapisha nisimwambie mama Domnika hata neno, ana shinikizo la damu, Valeriu anahofia atapata kiharusi.

Nilipotoka chumbani Domnika alikuwa anamwagilia miche. Yake, na kwa bahati mbaya kidogo na yangu. Nikamtazama mgongo. Mwanamke wa watu, ameacha nyumba yake, kisima chake, makaburi yake, amekuja kuishi na mtu mwenye chupa za dawa, na sasa hata ile sababu iliyomleta imekufa naye hajui.

Nimefuta mstari wa chaki. Nimemwambia nilikuwa napangusa vumbi.

10 Mei
Nimemwomba anifundishe kupika ugali.

13 Mei
Nimempima shinikizo la damu asubuhi na jioni. Liko kawaida. Ananitazama kwa wasiwasi.

17 Mei
Leo Domnika ameniambia nikitaka nitie maji yangu ya zambarau kwenye udongo wa miche yake, hana neno. Alisema hivyo kwa sauti laini, akinishika bega.

Nilikwenda bafuni nikafungua bomba ili asisikie nikilia. Domnika anaumwa. Hakuna maelezo mengine. Mtu huyu hajawahi kunikubalia jambo lolote, hata saa ngapi ni saa ngapi. Nadhani daktari yule aliona kitu kingine kifuani na akamwambia peke yake.

18 Mei
Nilikwenda kliniki kwa siri kumwuliza daktari. Akaniapia kwamba mkwe wangu ana mapafu ya mpanda farasi. Kisha akaniuliza kwa nini mkwe wangu naye alikuja juzi kwa siri kumwuliza habari zangu.

19 Mei
Kumbe anadhani mimi ndiye ninayekufa. Ni kwa sababu ya ugali. Na mimi siwezi kumweleza kwa nini nimekuwa mwema, kwa hiyo imenibidi niendelee kufa.

30 Mei
Nyumba imejaa upole hadi haikaliki. Naamka, chai iko tayari. Anaamka, viatu vyake vimepigwa rangi. Kila mmoja anamwachia mwenzake mkate wa mwisho, unakauka, tunawapa njiwa. Savely alikuja hatimaye kutengeneza bomba, akatukuta tunaombana radhi mlangoni nani apite kwanza. Akauliza nani amefariki.

10 Juni
Jalidi imekwisha. Tumehamishia miche kwenye shamba langu dogo nje ya mji, katika banda la nailoni, mistari minne. Nilitaka kumpa upande wa jua, naye alitaka kunipa mimi. Tulibishana saa nzima kwa adabu, mwisho tukaichanganya miche yote. Sasa hakuna anayejua upi wa nani. Wiki sita zilizopita ningeita polisi.

21 Juni
Joto kali. Maua ya kwanza.

27 Juni
Nelli kapiga. Nikamwambia siri hii itaniua kabla ya kumwua mkwe wangu. Akasema nivumilie hadi Agosti. Domnika naye alikuwa roshani anazungumza na Valeriu. Nilimwona akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. Aliponiona akasema vitunguu. Roshani hatuna vitunguu.

9 Julai
Naandika kwa kirefu kwa sababu leo yamekwisha, au yameanza, sijui.

Tulikuwa bandani tunatoa machipukizi ya pembeni. Nyanya zimefika ukubwa wa ngumi, bado za kijani. Mbingu ya upande wa milima ikawa nyeusi, upepo ukaja, kisha mvua ya mawe. Mawe makubwa kama mayai ya njiwa. Nailoni ya paa ikapasuka upande mmoja na kuanza kupigapiga kama shuka kwenye kamba. Mimi nikaidaka pembe ya huku, Domnika akaidaka ya kule. Tukasimama tumeinua mikono, kila mmoja juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, mawe yanatugonga vidole kupitia nailoni, na kelele yake ni kama upo ndani ya ngoma.

Nilimwona amelowa, kitambaa kimemshuka shingoni, mwanamke wa miaka sabini na mmoja ameng'ang'ania paa la mtu ambaye si ndugu yake tena. Nikashindwa. Nikapaza sauti kwamba kuna jambo lazima alijue, ashike vizuri asianguke.

"Nelli na Valeriu wanaachana," nikamwambia.

Hakushtuka. Alinitazama kwa hasira tu, hasira yake ile ya zamani.

"Najua tangu Mei. Niliapishwa nisikwambie. Walisema wewe una moyo mbovu."

"Mimi moyo wangu mzima."

"Basi ulikuwa unanipigia rangi viatu vyangu kwa nini?"

Hapo nikaanza kucheka na yeye akaanza kucheka, na hatukuweza kuachia nailoni wala kukaa, ikabidi tucheke vilevile tumesimama juu ya ndoo, mikono juu kama watu waliotekwa. Mvua ilipokata tulikagua mistari. Tumepoteza mimea mitano au sita, na vikonyo vingi vimevunjika. Iliyobaki imesimama.

Tulipanda basi kurudi nyumbani. Karibu na kituo chetu alisema baada ya mavuno ataondoka. Mwanawe anamtafutia chumba Krasnoyarsk, karibu na kazi mpya aliyopata.

"Nilikuja kwako kwa sababu ya ndoa," alisema. "Ndoa haipo. Sasa mimi pale kwako ni nani? Mpangaji asiyelipa."

Nilitaka kumjibu. Basi likasimama, watu wakaanza kusukumana, nikawa nimekosa nafasi. Huo ni uongo. Nafasi ilikuwepo, maneno ndiyo niliyokosa.

10 Julai
Amerudia kunijibu vibaya asubuhi. Nikasikia raha, kisha nikakumbuka anaondoka.

24 Julai
Ya kwanza imeanza kugeuka rangi. Ya waridi. Tuliiangalia tu.

2 Agosti
Ameshusha sanduku lake juu ya kabati na kulipangusa. Hajaweka kitu ndani. Limekaa katikati ya ukumbi, nalizunguka kila nikienda jikoni.

11 Agosti
Nyanya zinaiva kwa wingi hadi tunazitandaza chini ya vitanda. Moja imepita kilo. Tumeikata jikoni, chumvi kidogo, mafuta ya alizeti, ugali. Nilikula vipande viwili. Kisha nikasema nyanya nzuri kuliko hii sijaila, na haijaguswa na pamanganeti. Akasema tuseme kweli, ilionja shubiri kidogo utotoni. Tukaicheka hiyo, halafu tukalitazama sanduku.

17 Agosti
Watoto wamefika, ndege moja, viti tofauti. Wamekonda. Nelli alikuwa na hotuba na Valeriu alikuwa na hotuba, nadhani waliigawana njiani, nani aanze na nani amalizie mama zao wakianza kulia. Tuliwakalisha mezani. Wakatueleza kwa heshima kubwa. Sisi tulikuwa tunamenya vitunguu saumu.

Walipomaliza, Domnika aliuliza kama wanakula vizuri huko. Nelli akasema ndiyo. Nikauliza kama kila mmoja ana koti zito la baridi. Wakasema wanayo. Watoto walitazamana, walikuwa wamekuja na matone ya dawa ya moyo mfukoni, chupa mbili, kila mmoja kaleta ya mama wa mwenzake.

Kisha Valeriu akasimama akamwambia mama yake chumba kimepatikana Krasnoyarsk, kina jua, ghorofa ya pili, wanaweza kwenda naye keshokutwa. Akamshukuru sana "mama Kapitolina" kwa wema wake, akasema hawataki kuendelea kunisumbua. Akainua sanduku kuelekea mlangoni. Lilikuwa jepesi mno, bado tupu, akashangaa.

Domnika hakunitazama. Alikuwa anamenya punje ileile aliyokwisha kuimenya.

Maneno niliyoyakosa ndani ya basi yakaja yenyewe, bila kupangwa.

"Valeriu, liweke chini," nikasema. "Nyinyi mmeachana, sawa, Mungu awasaidie. Mimi na mama yako hatujaachana."

Nelli akafungua mdomo. Domnika akaweka kisu mezani.

"Umesikia," akamwambia mwanawe. "Na ukitoka upitie shambani, kuna ndoo mbili za kubeba."

Alisema bila kutikisika. Lakini alikwenda bafuni akafungua bomba, na akakaa humo muda mrefu kuliko mtu anayenawa mikono.

20 Agosti
Wameondoka, kila mmoja na basi lake. Nimemkumbatia Valeriu kituoni. Domnika alimfungia Nelli nyanya za njiani katika gazeti, akamwambia zile laini ale leo.

4 Septemba
Tunatia nyanya kwenye mitungi ya kioo kwa ajili ya baridi. Nimesema siki iingie mwanzoni, maji yakiwa hayajachemka. Amesema mwishoni, na kwamba anayeitia mwanzoni hajui kupika na hakufundishwa na mama yake. Nimemwambia mama yangu aliulisha mtaa mzima wakati wa njaa. Ameniuliza basi huo mtaa uko wapi sasa.

Hatujasemeshana tangu asubuhi. Mimi nina mitungi yangu upande huu wa meza, yeye ana yake upande ule. Amepika ugali mdogo, wa mtu mmoja, ili nione.

Usiku nitalala vizuri sana.